Ndinga ya Kifahari: Unalipia Chuma au Unalipia Jina?

Kuna MC mmoja wa harusi hapa Dar, jina kapuni, ambaye ukimwona jukwaani humsahau. Sauti anayo, suti anazo, na vichekesho vya kuwainua hata wajomba waliokuja wamenuna anavyo. Ila kwa miaka 5 alikuwa anakwenda ukumbini na IST. Anaipaki mbali, nyuma ya magari ya wageni, halafu anatembea kwa miguu hadi mlangoni. Malipo yake yalikuwa laki 7 kwa shughuli, hayapandi. Siku mwenyekiti wa kamati moja alipomwambia usoni kwamba MC wa IST hawezi kudai milioni, jamaa akaamua liwalo na liwe.

Ndo akanunua mchuma. Gari kubwa la Ulaya, juu juu, jeusi, lenye jina ambalo kila mtoto wa mjini analijua hata kama hajawahi kulikalia. Lilikuwa na umri wa miaka 12, lilitokea Japani, na hadi linapata namba lilikula milioni 62. Milioni 47 zilikuwa zake. Milioni 15 zilikuwa za mchumba wake, dada anayeoka keki Sinza, ambaye alikuwa anaziweka kidogo kidogo kwa ajili ya oveni kubwa na fremu ya duka. Walikubaliana kwamba mwaka hautaisha kabla hajarudishiwa hela yake.

Kila aliyemuuliza kwa nini amemwaga hela yote hiyo kwenye gari la zamani alipata jibu lilelile. "Hili ni chuma, siyo debe. Funga mlango usikie." Na kweli, ule mlango ulikuwa unafunga kwa sauti nzito, kama mlango wa sefu ya benki. Ukishafunga, kelele zote za bodaboda na makonda zinabaki nje. Mtu ambaye hajawahi kukaa kwenye gari la namna hiyo anaelewa papo hapo kwa nini watu wanayalilia.

Miezi ya mwanzo mambo yalinyooka. Malipo yakapanda hadi milioni 1 na laki 2, na kamati haikuuliza mara mbili. Mchumba akaanza kutafuta fremu.

Mwezi wa tisa, siku ya sherehe ya kumuaga binti mmoja, MC alitoka ukumbini saa 7 usiku akakuta gari limelala. Siyo pancha. Upande wa mbele kushoto ulikuwa umeshuka hadi tairi limeingia ndani ya bodi, utadhani ng'ombe aliyepiga goti. Wageni walikuwa wanatoka. Simu zikatolewa mifukoni. Mpaka asubuhi picha ilikuwa imeshazunguka kwenye stetasi za watu.

Sehemu ya kwanza walikokwenda kuuliza bei ya matengenezo waliambiwa hivi: shokapu 2 za mbele, mpya, milioni 2 na laki 8 kila moja. Kompresa ya upepo, milioni 2 na laki 4. Ufundi, laki 6. Jumla milioni 8 na laki 6. Yule dada alirudia ile namba polepole, akanyamaza. Kwa nusu tu ya hela hiyo, IST ya mwanzo ingefanyiwa kila kitu na chenji ikabaki.

Hapo ndipo wakapelekwa Ilala kwa mzee mmoja, fundi aliyeanza kazi enzi za Peugeot 504, ambaye vijana wa gereji wanamheshimu kwa sababu hakisii. Anapima, halafu ndo anaongea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Limelala?"

"Limelala, mzee. Ila gari lenyewe ni chuma, nashangaa."

Mzee akaliinua kwa jeki, akawasha tochi, akamwita MC ainame. "Haya. Hicho chuma unachokisema, nioneshe kwa kidole."

Kilichofuata kilikuwa darasa la saa nzima, na yeyote anayeota ndinga ya kifahari angefaidika kulisikia.

Mzee hakuanza kwa kuponda. Alianza na sifa. Bati la bodi zuri, limeunganishwa vizuri, rangi ina tabaka nene na miaka 12 haijafifia. Mipira ya milango imekaa mara mbili, ndo maana mlango unafunga kwa ile sauti. Vioo vizito. Breki kubwa kuliko za gari la kawaida, kwa sababu gari lenyewe lina tani 2 na zaidi na lina nguvu ya kukimbia. Viti, hata mgonjwa wa mgongo anasafiri hadi Dodoma anashuka anatabasamu. "Hapa hela imefanya kazi," akasema. "Hapa hujaibiwa."

Halafu akashika kile kilichokuwa kimelala. "Hii unaiita shokapu, lakini ndani hamna springi. Kuna mfuko wa mpira na upepo. Kompresa inasukuma upepo, senza inapima gari limekaa urefu gani, kompyuta inaamua. Ndo maana ukipita kwenye shimo unahisi kama umepita kwenye godoro. Sasa mpira ni mpira, mwanangu. Uwe wa gari la milioni 400 au wa ndala, jua, vumbi na miaka 12 vitaupasua. Ukipasuka kidogo upepo unavuja. Kompresa inahangaika kujaza usiku na mchana, mwisho nayo inaungua. Gari la springi ya chuma lingeanza kwanza kukupigia kelele wiki nzima. Hili linalala siku moja, mbele za watu."

Mfumo wa namna hiyo siyo wa juzi. Mercedes-Benz waliuweka kwenye S-Class ya mwaka 1998 kwa jina la Airmatic, na baada ya hapo karibu kila kampuni ya magari ya bei kali ikawa na wa kwake. Haukuletwa ili gari lidumu zaidi. Uliletwa ili gari liwe laini zaidi na likae sawa hata likipakia mzigo. Kulainisha na kudumu ni kazi mbili tofauti, na mara nyingi moja inaila nyingine.

Hapo ndipo penye jibu la swali ambalo watu wanabishania kila siku vijiweni. Bei ya gari la kifahari inanunua vitu vya kweli: utulivu, nguvu, usalama, na teknolojia kabla haijafika kwa wengine. Uimara wa mashine haumo kwenye hiyo orodha moja kwa moja. Wakati mwingine upo, wakati mwingine haupo, na bei peke yake haikuambii.

Angalia mfano ambao uko barabarani kila siku. Harrier ya kwanza ilitoka Japani Desemba 1997. Gari hilohilo likavushwa kwenda Marekani na kwingineko likiwa na nembo ya Lexus, likaitwa RX 300. Lexus yenyewe ilikuwa imezinduliwa Marekani mwaka 1989, na haikuanza kuuzwa Japani kwa jina hilo hadi 2005. Kwa hiyo kwa miaka kadhaa Mjapani alikuwa anaendesha Toyota, Mmarekani anaendesha Lexus, na chini ya boneti mambo ni yaleyale. Ukichukua Harrier iliyofuata, ile ambayo mtaani inaitwa tako la nyani, injini yake ya 2.4 ni 2AZ, ndugu wa damu na ile ya Alphard, Camry na RAV4 za wakati huo. Ndo maana spea zake unazikuta Kariakoo hadi kwa muuza duka ambaye hata leseni ya udereva hana.

Ulaya nako ndugu wamejaa. Volkswagen Touareg na Porsche Cayenne za mwaka 2002 zilizaliwa kwenye msingi mmoja, hadi milango zikashea. Siku hizi Touareg, Audi Q7, Cayenne, Bentley Bentayga na Lamborghini Urus zote zinatumia msingi mmoja wa kampuni mama. Hii haina maana Bentley ni Volkswagen iliyovaa suti. Injini zinapishana, ngozi na mbao za ndani hazifanani hata kidogo, na kazi ya mikono inalipiwa. Ila mtu akikwambia analipa mara 3 kwa sababu mifupa yake ni tofauti kabisa na ya yule wa chini, mwambie akacheki tena.

Na bei kubwa haijawahi kuwa kinga ya kuharibika. Mwaka 2008 BMW walileta injini ya V8 inayoitwa N63, wakaziweka turbo katikati ya injini, pale juu panapokusanya joto. Ilikuwa na nguvu za kutisha. Mwaka 2014 kampuni ikabidi itoe mpango maalumu Marekani wa kuwakagulia wateja wa injini hiyo cheni ya taimingi na vitu vingine. Wale hawakuwa wamenunua magari ya bei chee.

Sasa kabla mashabiki wa ndinga hawajakasirika, haki itendeke. Bila magari ya kifahari, gari lako la kawaida lingekuwa hatari zaidi. Breki za ABS za kielektroniki, zile zinazozuia tairi kujifunga ukikanyaga ghafla, ziliingia kwenye S-Class mwaka 1978 kwa kazi ya Mercedes na Bosch. Mfumo wa kuzuia gari lisiserereke ulianza na Mercedes ya S-Class mwaka 1995. Leo vitu hivyo viko hata kwenye vigari vya mtoto wa shule. Tajiri wa kwanza ndiye aliyelipia majaribio, wengine tukapata vikiwa vimeshakomaa na vimeshuka bei. Anayenunua teknolojia changa analipa ili aipate mapema, na anabeba pia ugonjwa wake wa utotoni.

Kuna pia bei kubwa ambayo kweli ni ya chuma. Land Cruiser 200, shangingi la V8 ambalo kila mtu amepishana nalo likiwa na msafara, lilitengenezwa kuanzia 2007 hadi 2021. Fremu yake ni nene, imejitenga na bodi, na matoleo mengi yana springi za kawaida za chuma. Lexus LX 570 ni ndugu yake wa fremu hiyohiyo, amepambwa zaidi. Rudi nyuma tena ukutane na Mercedes W123, iliyotengenezwa kuanzia 1976 hadi katikati ya miaka ya 80, zaidi ya milioni 2.5, nyingi zikageuka teksi kuanzia Ujerumani hadi Moroko. Lilikuwa gari la bei, na bei hiyo iliingia kwenye injini ya dizeli isiyo na haraka na vitu vichache vya kuharibika. Kwa hiyo siyo kwamba ghali ni mbovu. Swali ni ghali hiyo imewekwa wapi.

MC aliuliza swali ambalo wengi wanaliuliza wakiwa wameshachelewa: mbona huko kwao yanaendeshwa tu?

Mzee alijibu akiwa anafuta mikono. "Mwenye kwanza alilinunua jipya, lina dhamana ya kiwanda, kila kikilia anapeleka, wanabadilisha, hajui hata bei. Akachoka nalo. Wa pili akalinunua nusu bei. Wewe ni wa tatu au wa nne. Gari limeshuka hadi milioni 62. Spea haijashuka. Spea inajua kwamba hili ni gari la milioni 400."

Japani gari jipya binafsi hukaguliwa likifika miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi una gharama. Wengi wanaona bora waliuze kuliko kulikagua tena, hasa gari la kigeni lenye matengenezo ghali. Ndipo linapoporomoka bei, na ndipo macho ya Dar yanapoling'ang'ania kwenye mtandao. Likifika bandarini linakutana na ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 10 kwa injini inayozidi sisi 2,000, VAT asilimia 18, na likiwa zee linaongezewa ushuru wa uchakavu. Ukipiga hesabu, sehemu kubwa ya hizo milioni 62 haikununua chuma wala mpira. Ilikwenda serikalini na kwenye meli.

Yule dada wa keki hakusema mengi gereji. Usiku akachukua daftari lake la oda, akafungua ukurasa mpya. Upande mmoja akaandika ambacho gari limeleta: shughuli 27 kwa miezi 9, ongezeko la laki 5 kila moja, milioni 13 na laki 5. Upande wa pili akaandika lilichokula. Matairi 4, milioni 3 na laki 6. Pampu ya maji ya umeme, milioni 2 na laki 1. Mafuta ya ziada kuliko IST, milioni 2 na laki 7. Bima kubwa, milioni 2 na laki 2. Jumla milioni 10 na laki 6.

"Kumbe halijakutia hasara," akamwambia. "Mpaka juzi lilikuwa na faida ya milioni 2 na laki 9. Kama tangazo, limefanya kazi yake. Ukiongeza haya matengenezo ndo linaingia hasara ya milioni 5 na laki 7. Na hiyo ni kabla ya kingine hakijaharibika."

MC akakaa kimya. Ilimuuma zaidi kwa sababu hakulaumiwa.

Dalali alikuwa ameshanusa. Akaja na dawa yake ya haraka: kuna fundi atajaza upepo, atafuta makosa kwenye kompyuta, gari litasimama siku 2 au 3 bila kulala. Kuna dogo wa Mbagala, muuza simu, amelipenda kwenye picha, anakuja Jumamosi na milioni 54. "Akishalipa, bro, la kwake. Wewe nani alikwambia?"

Hapa ndipo watu wengi wa mjini wangesema biashara ni biashara. Milioni 54 zingemrudishia dada hela yake na kumwachia jamaa 39. Na ni kweli hakuna aliyemwambia yeye. Inawezekana kabisa gari hilo lilikuja kwake likiwa limefanyiwa mchezo huohuo.

Jumamosi dogo akaja na mama yake. Mama ndiye aliyeshika mkoba wa hela, ameukumbatia kifuani kwa mikono miwili, na kabla ya kulitazama gari alimsalimia MC, akamwambia amemwona kwenye harusi ya binti wa jirani yao, alicheka mpaka machozi. Dalali akawa anamkonyeza MC. Gari limesimama vizuri, linang'aa.

MC akafungua mlango, akaufunga, dogo akatabasamu kwa ile sauti. Kisha akamwambia, "Mdogo wangu, sauti hiyo ni ya kweli. Ila upepo wa mbele unavuja na kompresa inakufa. Matengenezo milioni 8 na laki 6, risiti ya makadirio hii hapa. Usilichukue kwa bei uliyoambiwa."

Dalali aliondoka bila kuaga. Mama akaomba wapewe siku 2. Walirudi na fundi wao, wakapima, wakatoa milioni 46. Kwa nini walilichukua hata baada ya kujua? Dogo alisema wazi: anataka gari la namna hiyo toka yuko darasa la 5, na safari hii angalau anajua anachonunua. Mzee wa Ilala akamshauri afunge springi za kawaida za chuma mbele na nyuma. Ule ulaini wa godoro utapotea na gari halitapanda wala kushuka kwa kitufe, lakini halitapiga goti tena.

Dada akapata milioni 15 zake. Oveni iko Sinza, inafanya kazi, na oda za keki za harusi zimeongezeka. MC kwa hela iliyobaki alichukua tako la nyani, milioni 27, safi. Anaipaki mbele kabisa siku hizi, karibu na mlango. Malipo yake yameshuka? Wateja wawili waliuliza ile ndinga nyeusi iko wapi, mmoja akajaribu kumpunguzia. Alishikilia milioni 1 na laki 2. Mmoja alikubali, mwingine akaenda kwa MC mwenye gari kali. Kwa hiyo hata kwenye hilo, jibu ni nusu kwa nusu.

Anachokikosa mwenyewe anakisema bila aibu: utulivu wa mle ndani saa 8 usiku, akiwa anarudi nyumbani sauti imekauka, barabara ya Bagamoyo tupu. Hicho alikilipia, na alikipata. Kilichokuwa kinamdanganya ni kudhani kwamba kitu kinachokubembeleza ni lazima pia kiwe kigumu.

Kwa hiyo ukiiona ndinga kali mtandaoni imeshuka bei ghafla, usiulize tu bei yake ya leo. Uliza bei yake ilipokuwa mpya, kwa sababu hiyo ndiyo utakayokutana nayo gereji. Inama chini uone kama inasimama kwa springi au kwa upepo. Na mpeleke fundi asiyekula na dalali.

Ila swali la Jumamosi ile bado liko palepale. Ungekuwa wewe, umezama milioni 62, mama wa watu amekumbatia mkoba na dalali anakukonyeza, ungefungua mdomo?